Flashi Yako Inakopi Pole Pole Kama Konokono? Cheki Hizi Vitu Kabla Utoe Doo ya Nyingine

Wacha nianze na story. Nilipotoka chuo kabla ya kumaliza (karo ilinishinda, hiyo ni story ya siku nyingine), nilipata kibarua kwa duka la muvi mtaani. Kazi ilikuwa moja tu: mteja analeta flashi, anachagua series, mimi nakopi, analipa, anaishia.

Jioni moja akaingia jirani yangu, jamaa wa kupiga video za harusi. Laptopu yake ilikuwa imezima, kwa hivyo akaniomba nimkopie video ya harusi kutoka memori kadi hadi kwa flashi. Mzigo wote ulikuwa GB 22. Mama ya bibi harusi alikuwa anangoja hiyo flashi stendi, na basi yake ya Kisii ilikuwa inatoka saa tatu usiku.

Flashi yenyewe ilikuwa mpya, imeandikwa 64GB, na jamaa alikuwa ameipata tao kwa bei ya kutupa. Nikachomeka, nikaanza kukopi. Kompyuta ikaniambia itachukua masaa mawili na dakika tano. Spidi ilikuwa MB 3 kwa sekunde. Saa hiyo ilikuwa saa kumi na mbili na nusu.

Tukalaumu virusi. Tukalaumu kompyuta ya duka. Tukalaumu hata stima. Lakini tukangoja, kopi ikaisha, boda akakimbiza, mama akapanda basi na flashi yake. Jirani yangu akafuta memori kadi hapo hapo kwa sababu kesho yake alikuwa na harusi nyingine.

Asubuhi ya pili yake simu ikalia. "Mwanangu, nimefungua hii kitu. Harusi imeishia mlango wa kanisa."

Viapo hakuna. Pete hakuna. Keki hakuna.

Nitakuambia huko mbele ilikuwa nini. Kwa sasa shika hii moja: flashi ikiwa pole, kuna kitu inakuambia. Mara nyingi ni kitu kidogo cha kurekebisha bure. Mara zingine inakuambia imechoka, ama ni feki. Kazi yako ni kujua ni gani, na hizi ndizo hatua, tukianza na zile hazikugharimu hata bob.

1. Kwanza pima. Usiseme tu "iko slow"

Wasee wengi wanalia kuhusu spidi lakini hawajui spidi yao ni ngapi. Chukua faili moja kubwa, tuseme muvi ya GB 1. Ikopi kutoka kwa kompyuta hadi kwa flashi huku simu ikihesabu sekunde. Halafu gawa 1024 kwa hizo sekunde. Ikichukua sekunde 100, spidi yako ni kama MB 10 kwa sekunde. Hesabu ndiyo hiyo tu.

Ukitaka kupima kama fundi, kuna programu ya bure ya Windows inaitwa CrystalDiskMark. Itakupa safu mbili za namba, kusoma na kuandika. Wewe angalia ile ya "Write".

Sasa, gani ni kawaida? Flashi ya bei rahisi ya USB 2.0 kuandika MB 3 hadi 10 kwa sekunde ni kitu ya kila siku. Yenye iko sawa kidogo inafika 10 hadi 20. Flashi nzuri ya USB 3.0 inaweza kupita 100, lakini zile za bei ya chini, hata kama zimeandikwa USB 3.0, mara nyingi zinacheza kati ya 15 na 40. Kwa hivyo kama unapata 8 na ulinunua flashi ya bei ya soda na mandazi chache, haijaharibika. Ndivyo ilivyozaliwa.

Pia chunga ile namba kwa paketi. Ikiandikwa "hadi 130MB/s", kawaida hiyo ni spidi ya kusoma, si ya kuandika. Kuandika huwa chini sana na kampuni nyingi hazikuambii. Tena angalia herufi: MB ni megabaiti, Mb ni megabiti. Baiti moja ni biti 8. Kwa hivyo ile 480 Mb/s ya USB 2.0 ukigawa kwa 8 unapata 60 MB/s, na hiyo ni kwa karatasi. Kwa ground, USB 2.0 ikikupa 30 hadi 40, imejitahidi.

2. Kwa nini kuandika ni ngumu kuliko kusoma

Hii ukielewa, mengine yote yatakuja yenyewe.

Ndani ya flashi kuna chipu ya aina inaitwa NAND. Ilibuniwa na Mjapani Fujio Masuoka akiwa Toshiba miaka ya 1980. Iko na tabia moja mbaya: haiwezi kuandika juu ya kitu cha zamani hivi hivi. Lazima ifute kwanza, na haifuti kidogo kidogo. Inafuta bloku nzima.

Fikiria ubao wa darasa ambao huwezi kufuta neno moja. Ukitaka kubadilisha neno moja, lazima unakili yale mengine yote pahali pengine, ufute ubao wote, kisha uandike upya. Hiyo ndiyo kazi flashi yako inafanya ukibadilisha kitu kidogo. Kusoma ni kuangalia ubao tu, ndiyo maana ni haraka.

Halafu kuna ile mambo ya kubanana. Chipu za kitambo ziliweka biti 1 kwa kila seli. Siku hizi, ili bei ishuke, seli moja inabeba biti 3 (hiyo ni TLC) ama 4 (hiyo ni QLC). Ni kama mathree ya watu 14 kubeba 25. Nauli inashuka lakini kupanda na kushuka kunachukua muda, na gari linachoka mapema.

3. Cheki poti, yaani ile tundu umechomeka

Hapa ndipo wengi wanapoteza spidi bila kujua. Flashi ya USB 3.0 ukiichomeka kwa poti ya USB 2.0, itafanya kazi, lakini kwa mwendo wa USB 2.0. Ni kama kupeleka nganya mpya kwa barabara ya murram.

Utajuaje? Angalia ndani ya tundu. Poti za USB 3.0 mara nyingi ziko na plastiki ya bluu na alama ya "SS" kando. Si kila kampuni inafuata hiyo rangi, kwa hivyo usiape. Njia ya uhakika ni kuhesabu vyuma ndani ya flashi yenyewe: USB 2.0 iko na vinne, USB 3.0 iko na tisa, vitano vikiwa nyuma ya vile vinne.

Mambo mengine ya poti:

- Kama unatumia kompyuta ya mezani, toa flashi kwa poti za mbele uweke za nyuma. Za nyuma zimeunganishwa moja kwa moja na bodi. Za mbele zinapitia waya, na wakati mwingine huo waya ni wa USB 2.0 ama umelegea.
- Achana na habu, ile kitu ya kugawa poti moja iwe nne. Kama umechomeka mausi, kibodi, modemu na flashi kwa habu moja, wote wanagawana barabara moja.
- Waya mrefu wa kuongezea pia huleta shida. Utoe, chomeka moja kwa moja.
- Flashi ya USB 3.0 ukiisukuma pole pole, wakati mwingine vile vyuma vinne vya mbele vinagusa kwanza na kompyuta inaichukua kama ya 2.0. Itoe vizuri, kisha uichomeke kwa mara moja. Inaonekana kama uchawi lakini husaidia.
- Unatumia simu na OTG? Jua kwamba simu nyingi, hata zenye tundu la Type-C, ndani bado ni USB 2.0. Umbo la tundu halisemi spidi.

Safisha pia. Flashi inayoishi kwa mfuko wa jinzi pamoja na funguo na makombo ya njugu lazima ishike uchafu. Pangusa vyuma na kitambaa kikavu.

4. Unakopi nini? Faili moja ama elfu kumi?

Kopi muvi moja ya GB 2, halafu kopi folda ya picha ndogo 10,000 zenye pia ni GB 2. Ya pili inaweza kuchukua mara kadhaa zaidi. Flashi haijabadilika, mzigo ndio umebadilika.

Kwa kila faili, kompyuta lazima iandike jina, tarehe, mahali imeanzia, mahali imeishia. Faili 10,000 ni kazi hiyo mara 10,000, na unakumbuka ile story ya ubao. Wasee wa chuo wanaobeba projekti ya kodi, na wapiga picha, hapa ndipo mnaumia.

Dawa ni rahisi: funga folda yote iwe faili moja. Tumia 7-Zip ama ile zip iliyo ndani ya Windows. Fungia kwa kompyuta, kopi ile faili moja, fungulia upande ule mwingine. Usifungulie ndani ya flashi, maana utakuwa umerudi pale pale.

Na acha kukopi vitu vitatu mara moja kwa flashi moja. Msee anadhani anaokoa muda, kumbe flashi inaruka huku na kule na zote tatu zinachelewa. Kopi moja iishe, ndio uanze nyingine.

5. Inaanza na moto, halafu inalala

Hii inachanganya watu sana. Unaanza kukopi, kompyuta inaonyesha 90, unafurahi. Dakika moja baadaye iko 60. Halafu 12. Halafu 4. Unadhani imekufa.

Kuna sababu tatu. Ya kwanza, kompyuta huweka data kwa RAM kabla ya kuituma, kwa hivyo ile namba kubwa ya mwanzo ni ya RAM, si ya flashi. Ya pili, flashi nyingine ziko na sehemu ndogo ya haraka ya kupokea mzigo mwanzoni. Hiyo sehemu ikijaa, sasa unaona spidi yake ya kweli. Ya tatu ni joto. Flashi ndogo za chuma zinachemka, na ikichemka kontrola yake inapunguza mwendo ili isijiunguze.

Kwa hivyo spidi ya kuamini ni ile ya katikati na mwisho wa kopi kubwa, si ya sekunde kumi za kwanza. Kama imechemka, ipe dakika kumi ipoe, na ukopi mzigo kwa mafungu.

Wale wa Linux, yenu inakuja kinyume. Kopi inaruka hadi asilimia 100, halafu inakwama hapo ama inasema imeisha, na taa ya flashi bado inapepesa. Hapo data iko kwa RAM, inaendelea kuandikwa. Ukichomoa hapo, umejichoma. Andika "sync" kwa terminali ungoje irudi, ama bonyeza kutoa salama ungoje ikubali.

6. Flashi imejaa ama imechanganyikiwa

Flashi ikikaribia kujaa, kontrola haina nafasi ya kucheza. Kila kitu kipya kinamaanisha kuhamisha vya zamani kwanza. Jaribu kuacha angalau asilimia 10 hadi 20 ikiwa wazi.

Na ukifuta faili, haimaanishi chipu imejua. Laptopu yenye SSD huambia diski yake "hizi sehemu sasa ni bure". Flashi nyingi hazipokei huo ujumbe. Ndiyo maana flashi ambayo imetumika mwaka mzima, imejazwa na kufutwa mara mia, inakuwa nzito hata ikiwa tupu. Kuifomati wakati mwingine huirudishia nguvu.

Kabla ufomati, tafadhali, toa kila kitu kwanza. Kufomati ni kufuta. Sitaki kuona komenti za kulia.

Ukifika kwa fomati utaulizwa aina gani. Hii ndiyo rada:

- FAT32: ya tangu 1996. Redio za gari, spika za mtaani, TV za zamani, zote zinaisoma. Shida yake ni kwamba haibebi faili moja ya kufika GB 4. Ukiona kompyuta inasema faili ni kubwa sana na flashi iko na nafasi, shida ndiyo hii. Kama unapeleka miksi kwa dere wa mathree, tumia hii.
- exFAT: Microsoft waliileta 2006, imetengenezewa flashi. Inabeba faili kubwa, na Windows na Mac zote zinaandika bila shida. Kwa msee wa kawaida wa GB 32 kuenda juu, chagua hii.
- NTFS: nzuri kwa diski ya ndani ya Windows. Kwa flashi, inaandika rekodi nyingi za pembeni, na hiyo ni kazi ya ziada. Mac nayo inaisoma tu, haiandiki mpaka uongeze programu.

Ile "Allocation unit size" wacha kama ilivyo. Na mara moja moja toa alama kwa "Quick Format". Itachukua muda mrefu, lakini Windows itapitia flashi yote kutafuta sehemu mbovu. Ikikwama njiani ama ikikataa, tayari umepata jibu lako.

7. Kompyuta yenyewe isisahaulike

Kama unakopi kutoka kwa diski ya zamani inayolia kama mashine ya posho, ama kutoka kwa memori kadi iliyochoka, flashi inangoja tu. Jaribu kukopi kitu kingine kutoka pahali pengine. Jaribu pia flashi hiyo kwa kompyuta ya rafiki. Ikiwa sawa huko, shida iko kwako.

Antivirasi hukagua kila faili inapopita, na hiyo inapunguza mwendo, hasa kwa faili ndogo ndogo. Lakini sikushauri uizime, haswa kama flashi yako inazunguka saiba. Ile virusi ya kugeuza folda zako zote kuwa shotikati bado iko mtaani na haijazeeka.

Kwa Windows kuna kitu kingine. Tangu toleo la Oktoba 2018, Windows huweka flashi kwa "Quick removal", yaani unaweza kuichomoa bila mambo mengi, lakini kuandika kunapungua kidogo. Ukitaka ibadilike, fungua "Device Manager", enda "Disk drives", bonyeza flashi yako mara mbili, enda "Policies", chagua "Better performance". Ukifanya hivyo, umesaini mkataba: kila siku utatoa flashi kwa njia salama, ile ya "Eject". Stima ikipotea katikati ya kopi, faili zinaweza kuharibika. Kama kwenu Kenya Power wanawatembelea mara kwa mara na hauna laptopu yenye betri, achana nayo.

8. Sasa ile ya feki

Turudi kwa harusi.

Ile flashi ya 64GB, ndani ilikuwa na chipu ya GB 8. Wale wanaozitengeneza hubadilisha programu ya kontrola ili iambie kompyuta "mimi ni 64". Kompyuta inaamini. Unakopi, unakopi, hakuna kosa linatokea. Lakini ikipita ile GB 8 ya kweli, data inayofuata inatupwa tu, ama inaandikwa juu ya ile ya kwanza. Majina ya faili unayaona yote, ukubwa unaonyesha sawa, lakini ndani hakuna kitu. Ndiyo maana mama aliona harusi mpaka mlango wa kanisa.

Na uspidi? Hizi flashi mara nyingi hutumia chipu za daraja la chini, kwa hivyo zinakuwa pole. MB 3 kwa sekunde peke yake si ushahidi wa feki, nimeshasema flashi halali za bei ya chini hufika hapo. Lakini kubwa, mpya, bei ya kutupa, na pole? Hizo nne zikikutana, usiweke kitu cha maana mpaka upime.

Kupima ni bure:

- Windows: H2testw. Hakikisha flashi ni tupu, ichague, bonyeza "Write + Verify". Itajaza flashi yote kisha isome tena kuhakikisha. Kwa flashi ya 64GB yenye spidi ya MB 10, kuandika peke yake ni karibu masaa mawili, kwa hivyo iache usiku ulale.
- Linux na Mac: F3. Unatumia amri "f3write" kisha "f3read", na itakuambia GB ngapi ni za kweli.

Jambo moja usilalamikie: flashi halali ya 64GB, Windows itakuonyesha kama GB 59. Hiyo si wizi. Kampuni inahesabu kwa elfu moja moja, Windows inahesabu kwa 1024. Lakini ukipata flashi ya "2TB" kwa bei ya lanchi, ndugu yangu, umeuziwa mbuzi kwa gunia.

9. Ama imezeeka tu

Kila seli ya NAND iko na idadi ya mara inaweza kufutwa na kuandikwa. Kwa TLC ni kama mara 1,000 hadi 3,000 hivi, na kwa zile za daraja la chini ni chini ya hapo. Flashi ya duka la muvi, inayojazwa na kufutwa kila siku, haiwezi kuishi kama ile ya nyanya ya kuweka nyimbo za kanisa.

Dalili za mwisho ni hizi: kopi inasimama kwa sifuri halafu inaendelea, faili zinafunguka leo kesho zinakataa, flashi inapotea kwa skrini na kurudi yenyewe, Windows inaomba uifomati kila ukichomeka. Halafu kuna ile ya "The disk is write protected" na flashi haina kitufe cha kufunga. Hapo mara nyingi kontrola imeona hali ni mbaya, ikakataa kuandika ili angalau usome kilichobaki.

Ukiona hizi, usianze kuifomati wala kukimbizana na spidi. Toa vitu vyako kwanza, vile vya maana mbele. Ukimaliza, izike. Hakuna programu ya kufufua chipu iliyochoka, hata kama fundi anakuapia.

10. Ukienda kununua nyingine

Tafuta yenye spidi ya kuandika imetajwa, si ya kusoma peke yake. Chukua USB 3.0 ama juu, siku hizi utaona pia imeandikwa USB 3.2 Gen 1, ambayo ni ile ile tu kwa jina jipya. GB 64 ya jina linalojulikana ni bora kuliko "TB 1" isiyo na mama wala baba. Omba risiti, na uulize mapema kama unaweza kuirudisha ikikataa kipimo. Muuzaji akianza kukunja uso kwa hilo swali, jibu umepata.

Kama kazi yako ni ya kubeba mizigo mikubwa kila siku, video ama miksi, fikiria SSD ndogo ya nje. Ni bei zaidi, ndio, lakini inaandika kwa mwendo ambao flashi ya kawaida haiwezi.

Ikawaje kwa harusi?

Kuna programu ya bure inaitwa PhotoRec inayoweza kuokoa video zilizofutwa kwa memori kadi, lakini tu kama hakuna kitu kingine kimeandikwa juu yake. Jirani yangu alikuwa amesharekodi harusi ya pili kwa kadi ile ile. Tulipata vipande viwili vitatu, havifunguki. Viapo vilipatikana kwa simu ya kasini mmoja aliyekuwa amekaa nyuma, sauti ya mtoto akilia juu. Jirani alirudisha pesa yote, na kwa ile familia hakuwahi kuitwa tena.

Kilichoniuma ni kwamba kipimo kingekuwa rahisi. Tungefungua faili ya mwisho tu, ile ya keki, moja kwa moja kutoka kwa flashi kabla boda aondoke. Ingekataa, tungejua, na kadi ingekuwa bado iko na kila kitu.

Kwa hivyo hii ndiyo amri yangu, na nimeiandika kwa karatasi nikabandika ukutani: kopi ikiisha, chomoa flashi kwa njia salama, ichomeke tena, fungua faili ya kwanza, ya katikati na ya mwisho. Ya asili usifute mpaka iwe iko sehemu mbili. Inachukua dakika mbili tu, hata kwa flashi ya konokono.